Kozi ya bure ya sonata za piano: mwalimu anasema "sasa tumerudi nyumbani", mimi sijui hata kama tulitoka

#1 Sikio Moja

Wakuu salaam.

Niko wiki ya nne ya kozi ya bure ya mtandaoni kuhusu sonata za piano, yaani tungo ndefu zenye sehemu kadhaa: Haydn kidogo, Mozart kidogo, Beethoven kwa wingi. Video fupifupi, jaribio kila mwisho wa wiki, na insha moja ambayo wanafunzi wanasahihishiana. Mwalimu ni mpiga piano hasa, akieleza jambo anageuka analipiga palepale. Sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na sikio. Kila tukifika kwenye yale wanayoyaita marejeo, pale wimbo wa mwanzo unaporudi, anaacha kupiga, anatabasamu, anasema: "Mmesikia? Tumerudi nyumbani." Mimi natoa macho tu. Wahenga walisema kumpigia mbuzi gitaa. Hapa mbuzi ni mimi na gitaa limekuwa piano.

Kinachoniuma ni kwamba jaribio la wiki ya tatu nilipata 9 kati ya 10. Naweza kukuandikia kwamba dhamira ya pili (yaani wimbo mkuu wa pili) inaanza kwenye ufunguo mwingine (familia ya noti yenye noti nyingine ya nyumbani) na mwishoni inarudi kwenye ufunguo wa nyumbani. Nikifumba macho sisikii kitu. Nimefaulu kuogelea bila kulowa.

Sasa: ni sikio bovu, ni kozi, au ni hizi sonata zenyewe? Na nyinyi mnaosikia, mnasikia nini hasa?

#2 Chukuchuku

Nimeshavuta kiti. Wajuzi waje.

#3 Nyundo88

Mkuu, sikio lako ni zima, tatizo ni kumbukumbu. Wanaoweza kusikia noti wakaitaja jina bila msaada ni wachache mno, sisi wengine tunakisia. Sasa mtu anakupigia ufunguo wa kwanza, anakuzungusha kwenye vingine vinne kwa dakika tano, halafu anakuuliza kama umerudi pale pale. Utajuaje?

Hiyo ndiyo kanuni ya umbo la sonata waliyopewa kina Beethoven wakaifuata: uwasilishaji (nyimbo zinatambulishwa), ukuzaji (zinachezewa na kuzungushwa), marejeo (zinarudi). Anza na ile ya Mwanga wa Mwezi aliyomtungia mpenzi wake, sehemu ya kwanza, ile ya polepole. Umbo linaonekana wazi.

#4 Mama Solfa

Mwanangu Sikio Moja, uliwahi kusoma solfa? Kama uliwahi, achana na hayo majina makubwa.

Chukua sonata ya C meja. Do yako ni C. Dhamira ya kwanza inakaa hapo kwa raha zake. Baada ya muda inaanza kujipenyeza noti ngeni: fa inapandishwa nusu hatua, inakuwa fe. Ukisikia fe imeanza kurudiarudia, jua mizigo imeshafungwa. Wanahamia G. Ile so ya nyumbani sasa inaitwa do. Dhamira ya pili inaimbwa huko.

Mwishoni kabisa dhamira ile ile ya pili inaimbwa, lakini do ni C, haihami tena. Basi. Sonata nzima ni ugomvi wa do mbili, na mmoja anashindwa.

Usisikilize "nyumbani". Sikiliza fe.

#5 Bwana Kodi

Mama Solfa shikamoo. Kwa hiyo kodi zote (zile noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazunguka mtaani, mwishoni kodi inarudi nyumbani, halafu mwenye nyumba anaidai?

#6 Mama Solfa

Marahaba. Anaidai kwelikweli, tena ya miezi yote ya nyuma.

#7 Dada Metronomu

Nyundo88, post yako ya #3 ina makosa matatu. Naomba uyapokee kwa upendo.

Kwanza, jina "Mwanga wa Mwezi" halikutoka kwa Beethoven. Yeye aliiandika mwaka 1801, ikachapishwa 1802 kama Op. 27 Na. 2 (Op. ni namba ya chapisho) ikiwa na maneno "quasi una fantasia", yaani kama njozi. Habari ya mwezi ilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab, na jina likaenea Beethoven akiwa ameshafariki. Giulietta Guicciardi alitabarukiwa sonata hiyo, hilo ni kweli, ila kutoka hapo hadi "alimtungia mpenzi wake" ni mbali.

Pili, sehemu ya kwanza ndiyo mfano mbaya kuliko yote kwa mtu anayetafuta umbo, maana inatiririka tu na kanuni za kozi haizijali. Umbo kamili liko sehemu ya tatu, ile ya hasira. Huyu ndugu akianzia pale ulipomwelekeza atatafuta mlango kwenye ukuta.

Tatu, hakuna aliyewapa kanuni. "Umbo la sonata" kama tunavyofundishwa leo liliwekwa vitabuni na waandishi wa nadharia ya muziki kina Adolf Bernhard Marx na Carl Czerny miaka ya 1840. Beethoven alifariki 1827.

#8 Nyundo88

Nimepokea moja na mbili. La tatu nina pingamizi. Mwandishi wa nadharia Heinrich Christoph Koch alishaeleza jengo hilo mwaka 1793, Beethoven yuko hai na hajachapisha hata Op. 2. Kwa hiyo haikuwa siri.

#9 Dada Metronomu

Kweli Koch alieleza, lakini tazama alieleza nini. Yeye anazungumzia safari ya funguo na mahali sentensi za muziki zinapotua. Mambo ya "dhamira ya kwanza, dhamira ya pili" kama wahusika wawili wa tamthilia ni ya hawa wa baadaye. Hapo nadhani ndipo tatizo la Sikio Moja lilipo: kozi inamfundisha kutafuta dhamira, halafu inamtahini kwenye funguo.

#10 Kinanda Kibovu

Mimi nina maelezo rahisi zaidi: manukuu.

Kozi yangu ilikuwa ya Kiingereza, nikawasha tafsiri inayojiandika yenyewe kwa Kiswahili. Ndugu zangu. "Ukuzaji" uliandikwa "maendeleo", nikawa najiuliza sonata na maendeleo ya taifa vimekutana wapi. Haydn aliandikwa "kujificha" wiki nzima, mashine ikisikia "hiding" ("Kujificha aliandika sonata zaidi ya hamsini"). Kilichonimaliza ni Op. 110 ya Beethoven, ambayo iko kwenye A flati. Manukuu yakasema: "sonata katika nyumba ya ghorofa".

Sasa mwalimu akisema "turudi nyumbani", mimi nilidhani tunarudi kwenye ile ghorofa.

#11 Chukuchuku

"Kujificha aliandika sonata zaidi ya hamsini" 😂😂😂 nimecheka mpaka nimeamsha watu.

#12 Bwana Kodi

Ghorofa, nyumbani, kodi, funguo. Huu si uzi wa muziki tena, huu ni wa madalali.

#13 Sikio Moja

Nashukuru wote. Mama Solfa, nilipita kwaya nikiwa mdogo, fe naikumbuka kwa mbali. Kinanda Kibovu, mimi nafuata Kiingereza chenyewe, kwa hiyo kisingizio hicho sina.

Dada Metronomu, hoja ya #9 imenigusa. Kwenye jaribio swali linakuja hivi: "Dhamira ya pili katika marejeo iko ufunguo gani?" Unajibu bila kufungua sauti kabisa. Niliyafanya mawili nikiwa nimezima spika.

#14 Fundi Nyuzi

Natengeneza na kurekebisha sauti za piano, miaka mingi sasa. Ngoja niseme la upande wetu.

Piano ya leo tunaipanga sawasawa: nusu hatua zote kumi na mbili ndani ya oktava zina upana mmoja. Maana yake G meja ni C meja iliyonyanyuliwa, basi. Hakuna ladha ya tofauti. Enzi za Mozart na Beethoven mipango mingi haikuwa sawa namna hiyo. Funguo zenye shapu na flati chache (noti zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua) zilikuwa tulivu, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyokuwa na ukali fulani, kama kiatu kinachobana. Mtu wa wakati ule alikuwa akihisi safari kwa ngozi. Sisi tumeipiga pasi ile nguo.

Nimewahi kumpangia mteja piano kwa mtindo wa zamani. Aliipiga ile ya Mwanga wa Mwezi mwanzo mwisho, akasimama, akaniuliza: "Umeiharibu au umeitengeneza?" Sikumjibu, nami sikuwa na hakika.

#15 Nyundo88

Fundi, heshima kwako, ila hoja hiyo inabeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Kutoka C kwenda G, ambako Mozart huenda mara nyingi, tofauti ya ladha kwenye mipango hiyo ni ndogo. Kama sikio lilihitaji ukali wa mpango, sonata nyepesi zisingesikika kabisa. Na watu wameendelea kusikia marejeo kwenye piano za leo.

#16 Fundi Nyuzi

Wanasema wanasikia.

#17 Mzee wa Pedali

Kwa kuwa Mwanga wa Mwezi imetajwa mara tatu, acheni niongeze. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza Beethoven ameandika "senza sordino". Wengi hudhani ni kupiga kwa sauti ya chini. Sordino hapa ni vile vizuizi vinavyokaa juu ya nyuzi kuzima mlio. Anasema viondolewe, yaani pedali ikanyagwe muda wote. Kwenye piano ya wakati ule mlio ulikuwa unafifia haraka, kodi moja inaondoka nyingine ikiingia, kama moshi. Jaribu kwenye piano kubwa ya leo upate uji. Ndiyo maana wapigaji hubadilisha pedali au huikanyaga nusu.

#18 Bwana Kodi

Mzee uzi unauliza mengine.

#19 Mzee wa Pedali

Najua. Nimestaafu, nina muda.

#20 Kimyakimya

Nami nikiri jambo. Nimekuwa nikitazama video za kozi kama hii kwa kasi ya moja na nusu ili niwahi kumaliza. Pamoja na vipande vya muziki. Wiki tano. Niligundua nilipoweka rekodi ya kawaida ya Op. 13, ile Pathétique, nikadhani mpigaji anaumwa.

#21 Dada Metronomu

😂 Sonata ya Hammerklavier, Op. 106, Beethoven aliiwekea kasi ya metronomu, kile kipima mwendo, ya nusu noti 138 kwa dakika kwenye sehemu ya kwanza. Wapigaji wakubwa wengi hawaifikii, na wapo wanaobishana kama metronomu yake ilikuwa nzima. Wewe Kimyakimya umeipita kwenye kochi.

#22 Nyundo88

Lakini kasi haibadilishi ufunguo, programu hizi zinalinda kimo cha sauti. Kwa hiyo bado si maelezo ya tatizo la mtoa mada.

#23 Kimyakimya

Sikusema ni maelezo. Nilisema nakiri.

#24 Mtoro wa Wiki ya Tatu

Hii nimeanza mara tatu, nikaacha mara tatu, wiki ile ile ya tatu. Nitasema nilichoona: vipande vinavyopigwa kwenye video ni vya sekunde ishirini, thelathini. Mwalimu anapiga mwanzo, anakata, anaongea, anapiga marejeo, anakata. Sasa kurudi nyumbani kuna maana gani kama hukusafiri? Ni kama mtu akuonyeshe picha ya mlango wako asubuhi, halafu akuonyeshe picha ile ile jioni, aseme "karibu tena".

Halafu kuna alama za kurudia. Mwishoni mwa uwasilishaji kwa kawaida watunzi waliweka alama: piga yote tena. Msikilizaji alipata nafasi mbili za kujenga kumbukumbu kabla ya kupelekwa porini. Rekodi nyingi zinaruka marudio. Kwa hiyo tunaingia porini baada ya kuonyeshwa nyumba mara moja, tena kwa haraka.

#25 Sikio Moja

Hili la marudio sikuwa nimelifikiria kabisa.

#26 Mzee wa Pedali

Na kwenye Pathétique iliyotajwa #20 kuna ugomvi mtamu: mtu akirudia, arudi hadi kwenye Grave, ule mwanzo mzito wa polepole, au aanzie pale mwendo unapokuwa wa kasi? Wapigaji wamegawanyika. Wengi huanzia kwenye kasi. Ila Grave yenyewe inarudi baadaye mara mbili bila kuuliza mtu.

Kwa hiyo, Sikio Moja, ukitaka mahali ambapo hata mbuzi atasikia, nenda pale. Zile kodi nzito za mwanzo zikija tena katikati ya mbio, utajua.

#27 Mama Solfa

Hiyo ni kusikia mwendo umebadilika, mzee mwenzangu, si kusikia ufunguo. Mtoto aliuliza ufunguo.

#28 Kinanda Kibovu

Swali la pembeni: kuna mtu aliyejaribu kuzipiga? Nina kinanda cha umeme cha vibao 61 na nimeambiwa sonata hazipigiki humo.

#29 Fundi Nyuzi

Nani kakuambia? Piano ya Mozart ilikuwa na oktava tano, hesabu inakuja vibao 61 vilevile. Sonata zake zote 18 ziliandikwa kutosha humo.

#30 Dada Metronomu

Fundi, idadi ni sawa, mpaka si sawa. Ya Mozart ilianzia F hadi F. Vinanda vingi vya 61 vinaanzia C hadi C. Kwa hiyo chini atakosa noti kadhaa huku juu akizidishiwa asizozihitaji. Mara nyingi ataponea, mara nyingine mkono wa kushoto utabisha hodi kwenye ukuta.

Akifika Beethoven wa Op. 53, sonata iitwayo Waldstein, ndiyo basi. Mwaka 1803 alipata piano ya watengenezaji Érard yenye oktava tano na nusu, na Waldstein tayari inapanda juu ya ile F ya zamani.

#31 Fundi Nyuzi

Umenishika. F hadi F, sawa.

#32 Nyundo88

Kinanda Kibovu, anza na Op. 49 Na. 2 ya G meja. Ni ya miaka ya 1790, ikatoka 1805 na namba inayodanganya. Beethoven hakuwa na haraka nayo, nduguye Kaspar ndiye aliyeipeleka kwa mchapishaji. Ni fupi, sehemu mbili, na vidole vya kawaida vinaiweza. Karatasi za noti zinapatikana bure kwenye IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, hakimiliki ilishakufa zamani.

Na hapa nabadilisha msimamo wangu wa #3 kidogo. Nilipoanza kuipiga hiyo ndipo nilipoanza "kusikia" marejeo, na nashuku sikuyasikia kwa masikio. Mkono uliyajua. Kwenye uwasilishaji kidole kinakwenda kwenye C shapu, kibao cheusi, kwa sababu tunahamia D. Kwenye marejeo, karibu pale pale, kidole kimejiandaa kwenda juu ya cheusi na muziki unakikataza. Ule mshtuko mdogo wa kidole ndio nyumbani kwangu.

#33 Mama Solfa

C shapu kwenye G meja. Ndiyo fe hiyo, baba. Nilisema #4.

#34 Nyundo88

Ulisema.

#35 Mtoro wa Wiki ya Tatu

Kwa hiyo asiye na piano ndiyo basi? Beethoven alizipiga kwa watu waliokuwa wamekaa tu.

#36 Dada Metronomu

Wengi wa waliokuwa wamekaa tu walikuwa wanapiga nyumbani kwao. Sonata zilikuwa bidhaa ya karatasi, za kununuliwa na kupigwa sebuleni. Habari ya mtu kukaa ukumbini kusikiliza sonata za Beethoven moja baada ya nyingine ilikuja baadaye. Rekodi ya kwanza ya zote 32 ni ya Artur Schnabel, kati ya 1932 na 1935. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuzisikia zote nyumbani kwake alizipiga mwenyewe au alikuwa na jirani mvumilivu.

#37 Kimyakimya

Na yeye mwenyewe alikuwa kiziwi wakati anaandika zote, bado akasikia marejeo. Sisi wenye masikio tunalia.

#38 Dada Metronomu

Si zote. Kusikia kulianza kumsumbua mwishoni mwa miaka ya 1790, na mwaka 1801 aliwaandikia marafiki wa karibu kuhusu shida hiyo. Op. 2, zile tatu alizomtabaruku Haydn, zilitoka 1796. Za mwisho kabisa, hadi Op. 111 ya mwaka 1822, ndizo za ukiziwi mzito.

#39 Kimyakimya

Leo kila ninachoandika kinasahihishwa. Narudi kwenye kasi yangu ya moja na nusu.

#40 Mzee wa Pedali

Kwa wanaotaka kuusikia mlango kabla haujafunguliwa: sehemu ya kwanza ya Waldstein, mwisho wa ukuzaji. Mkono wa kushoto unashuka chini na kung'ang'ania G, unanguruma palepale, wa kulia unapanda polepole juu yake. G ni so ya C. Anaikamia so mpaka unataka kumwambia basi, ingia! Halafu anaingia, kwa sauti ndogo. Mimi nyumbani siisikii, naisikia kiu yake.

Ila tahadhari, sonata hiyo hiyo dhamira ya pili haiendi kwenye so. Inakwenda E meja, mbali, kama mtu aliyekosea basi makusudi.

#41 Sikio Moja

Wakuu, nimerudi na matokeo.

Jana usiku nilifanya jaribio langu mwenyewe. Nimechukua sonata ya Mozart ya C meja, K. 545 (K. ni namba ya orodha ya kazi zake), ile ya 1788 ambayo mwenyewe aliiita ya wanaoanza. Sehemu ya kwanza, yenye marudio yake kama Mtoro alivyoshauri. Nikafumba macho, ndugu yangu ameshika simu kuandika dakika na sekunde, mimi nanyosha mkono nikisikia kitu.

Fe ya Mama Solfa: nimeisikia! Kwenye uwasilishaji, mara zote mbili. Sikuwa na hakika mara ya kwanza, ya pili nilikuwa naingoja. Kisha ukuzaji, wimbo unakuwa na huzuni kidogo, skeli zinapanda na kushuka, mkono nimeubana pajani. Halafu ile dhamira ya mwanzo, do, mi, so, ikaja. Tulivu, imenyooka, ile ile. Nikanyosha mkono juu. Nimekuambieni nilikaribia kulia. Nyumbani!

Nikafungua karatasi ya noti kuhakiki. Iko F meja.

F! Nimerudi kwa furaha yote nyumba ya jirani.

#42 Bwana Kodi

😂😂😂 Umevua viatu kabisa ukaomba na maji.

#43 Dada Metronomu

Pole sana, umechagua mtego. K. 545 ni maarufu kwa hilo. Mozart anarudisha dhamira ya kwanza kwenye fa badala ya do. Nyumbani kwenyewe, C, anafika kwenye dhamira ya pili. Ungechagua karibu sonata yake nyingine yoyote ungekuwa salama.

#44 Nyundo88

Hii inathibitisha nilichosema mwanzo kabisa. Alisikia wimbo, hakusikia ufunguo. Kumbukumbu ya wimbo anayo, ya ufunguo hana, kama sisi sote.

#45 Mtoro wa Wiki ya Tatu

Inathibitisha cha Dada Metronomu #9. Kozi imemfunza kutafuta dhamira, akaipata.

#46 Fundi Nyuzi

Au piano ya ile rekodi ingepangwa kizamani asingedanganyika.

#47 Nyundo88

Fundi, F na C ni majirani pande zote!

#48 Mama Solfa

Mimi nauliza tofauti: kwa nini Mozart alifanya hivyo? Nimekaa nayo kwenye solfa asubuhi hii. Kutoka C kwenda G ni kupanda hadi noti ya tano. Kutoka F kwenda C ni kupanda hadi noti ya tano vilevile. Akianza marejeo kwenye F, njia ile ile aliyoiandika mwanzo inamfikisha C yenyewe. Hana haja ya kuandika daraja jipya. Ni kuhamisha tu.

#49 Bwana Kodi

Kwa hiyo Mozart alikuwa mvivu.

#50 Dada Metronomu

Wapo wanaosema hivyo hivyo, na Schubert naye alitumia njia hiyo. Ila kwa Mozart uvivu haukai vizuri, maana kwenye marejeo hayo hayo ameongeza skeli ambazo mwanzoni hazikuwepo. Mvivu gani anaongeza kazi? Mimi naona ni utani: sonata ya wanaoanza, anawategea wanaoanza.

#51 Mzee wa Pedali

Au alitaka tu do iwe na uzito mwishoni. Ukiifikia mapema, dhamira ya pili inakuta nyumba imeshafunguliwa, taa zinawaka. Ukiichelewesha, dhamira ya pili ndiyo inayofungua mlango.

Beethoven naye anabisha mlango usio wake. Op. 10 Na. 2, F meja, sehemu ya kwanza: dhamira inarudi kwenye D meja, mbali, kwa uso mkavu. Anaipiga kidogo, anasita, kisha anajirudi hadi F. Yeye utani wake unaonekana, kwa sababu anasita.

#52 Sikio Moja

Kwa hiyo nimesikia au sijasikia?

#53 Mama Solfa

Fe uliisikia. Mwezi uliopita hukuisikia.

#54 Nyundo88

Hajasikia.

#55 Mtoro wa Wiki ya Tatu

Amesikia alichoandika Mozart. Mozart ameandika watu waamini wamefika.

#56 Mpitaji

Samahani wakuu nimechelewa, kozi yenyewe iko wapi na ni bure kweli?

#57 Kimyakimya

Mtoa mada hajaitaja yake. Mojawapo inayojulikana ni ya mpiga piano Jonathan Biss kuhusu sonata za Beethoven, ilianza 2013 kwa ushirikiano wa chuo cha muziki cha Curtis na jukwaa la mtandaoni la Coursera. Kwa miaka mingi kozi za namna hii kutazama ilikuwa bure, cheti ndicho walichotoza. Angalia mwenyewe kama bado iko wazi. Na kasi uiache kwenye moja.

#58 Chukuchuku

Jamani nimejaribu ile Op. 10 Na. 2 ya Mzee wa Pedali, macho nimefumba. Pale kwenye D nilicheka peke yangu kabla sijajua kwa nini. Sijui kama niliusikia ufunguo au nilikuwa naingoja tu kwa vile mzee alishaniambia upo.

#59 Mzee wa Pedali

Ulicheka ilipoanza au aliposita?

#60 Chukuchuku

Ngoja niirudie.